Pale Ulipoandika "Uzoefu: Hakuna"

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama wa vikundi, kaka na dada zangu, nanyi vijana mliokuja na bahasha za vyeti mkononi: asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Nashukuru kwa kunialika hapa Temeke. Kazi yangu ni mambo ya ajira. Nasoma barua za maombi, nakaa kwenye majopo ya usaili, naandika majina ya waliopata na ya waliokosa. Kuna mstari mmoja nakutana nao kila mara, hasa kwa kina mama na kwa vijana waliomaliza shule wakakaa nyumbani. Unasema hivi: "Uzoefu wa kazi: hakuna." Nimekuja kuuzungumzia mstari huo tu. Wengi mnaouandika mnaandika jambo lisilo kweli, na linawakosesha riziki halali.

Niwape habari ya mama mmoja aliyeomba kazi ya kutunza stoo ya chakula katika shule ya bweni. Jina lake nalihifadhi, lakini kila mtaa una mama wa namna yake. Kwenye karatasi alikuwa na elimu ya darasa la saba, na chini yake mstari ule ule. Jopo lilikuwa limeshauliza maswali yake yote, na majibu yalikuwa mafupi, ya mtu mwenye woga. Ndipo mzee mmoja kati yetu, aliyewahi kutunza stoo kwa miaka mingi, akamwuliza swali ambalo halikuwa kwenye orodha: "Mama, mtaani kwenu likitokea jambo, wewe wanakuitia nini?"

Akajibu hapo hapo: "Jikoni. Msiba ukitokea, jiko ni langu."

Mzee akamwambia aeleze. Mama akakaa vizuri kwenye kiti, na kuanzia hapo tulikuwa tunasikiliza mtu mwingine kabisa.

Akasema: kwanza siwashi moto. Kwanza nauliza mazishi ni lini, na kama mwili unasafirishwa au unazikwa hapa hapa, maana hapo ndipo najua watu watakula siku ngapi. Siku ya kuzika ni umati. Usiku wanabaki wafiwa na ndugu waliotoka mbali. Mchele nakadiria kilo moja watu sita, saba wakiwamo watoto. Wakiongezeka ghafla nina akiba, lakini akiba yangu ni mbichi. Sipiki cha ziada. Naelewana na mwenye duka kwamba mfuko usiofunguliwa unarudi. Wali uliolala unamwagwa, na hiyo ni rambirambi ya watu tunayoimwaga.

Akaendelea. Sufuria tunaazima nyumba hadi nyumba, na kila moja inaandikwa daftarini: imetoka kwa nani, kubwa au ndogo, ina kifuniko au haina. Sahani na bakuli za kila nyumba zinatiwa chini nukta ya rangi ya kucha, nyumba hii nyekundu, ile ya bluu. Siku ya kurudisha, vinahesabiwa mbele ya mwenyewe. Na sukari, mafuta na majani ya chai anatoa mtu mmoja tu. Mzee akamwuliza kwa nini mmoja. Mama akasema: "Wakitoa wawili, kikipungua nitamwuliza nani?"

Ndugu zangu, niwaambie kilichotokea mezani petu. Tulitazamana. Mama yule alikuwa ametusomea kanuni za stoo moja baada ya nyingine. Kupokea kwa maandishi. Kuweka alama kwenye mali. Kutoa kupitia mkono mmoja unaowajibika. Kubakiza akiba isiyofunguliwa. Kuhakiki mbele ya mwenye mali. Wapo waliosomea ugavi chuoni ambao hawawezi kukueleza kwa nini mafuta yatolewe na mtu mmoja. Wanajua tu kwamba kitabu kimesema. Alichokuwa hana ni kujaza leja na kadi ya stoo, na hilo alifundishwa ndani ya wiki. Kazi aliipata.

Sasa, kwa nini aliandika "hakuna"?

Kwanza, kwa sababu hakulipwa. Tumezoea kuhesabu kazi kuwa ni ile yenye mshahara na barua ya kuajiriwa. Asiyekuwa nayo ukimwuliza anafanya nini, anasema "nipo tu nyumbani." Yupo tu nyumbani, na saa kumi na moja alfajiri ameshaamka!

Pili, kwa sababu ya malezi yetu. Mtu hajitangazi kwa mambo ya msiba. Malezi hayo nayaheshimu, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini kusema "nilipokea sufuria 40 na nikarudisha 40" si majigambo. Hiyo ni taarifa, na mwajiri ana haki ya kuipata kama wewe ulivyo na haki ya kuitoa.

Na sababu ya tatu inahitaji maelezo, kwa maana inawapata hata wenye akili kali kabisa. Ujuzi tulioupata kwenye shughuli za kila siku unatukimbia tukibadilishiwa mahali. Mwaka 1985 watafiti watatu nchini Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Recife. Walikwenda sokoni kwa watoto wanaouza vitu, watoto watano wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Nazi moja bei gani? 35. Nataka 10. Mtoto hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundishwa darasani. Alikwenda kwa mafungu ya tatu tatu: tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaendelea hadi akafika 350. Sokoni, kwa jumla, watoto wale walipata asilimia 98 ya majibu. Baadaye wakapewa hesabu za namna ile ile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala mteja. Wakaanguka hadi asilimia 37 hivi. Ni watoto wale wale, na hesabu za namna ile ile.

Mnaona? Akili ilikuwepo wakati wote. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kuuliza. Na hiki ndicho kinachowapata wengi wenu mkiingia kwenye chumba cha usaili chenye kiyoyozi na watu watatu waliofunga tai.

Chukueni mama lishe wa Tandika. Tuseme leo amenunua mchele kilo 5 kwa shilingi 15,000. Maharage 6,000, mafuta 3,000, nyanya na vitunguu 2,000, mchicha 1,000, mkaa 3,000. Jumla 30,000. Kilo 5 zinampa sahani 35, na sahani anauza 1,500. Mwulize saa saba mchana amefikia wapi, hatakupa hesabu ndefu, atakwambia "mtaji umesharudi" au "bado." Anajua kwamba sahani ya 20 ndiyo inayorudisha 30,000 yake, na kuanzia ya 21 anajilipa mwenyewe, mpaka afikishe 22,500 sahani zote zikiisha. Anajua pia kwamba mwenye deni la sahani tatu anamla faida, si mtaji, kama deni hilo limekuja baada ya mtaji kurudi. Wahasibu wanalisomea jambo hili darasani. Lakini mpeleke mama huyu kwenye usaili wa kazi ya kantini, mwulize "unaweza kuandaa bajeti?", atainamisha macho na kusema hapana.

Ushauri wangu kwa aliyekaa kwenye kiti kile: swali likikutisha, lirudishe kwenye shughuli yako. Wakikuuliza bajeti, jibu, "Naomba nieleze ninavyonunua na kuuza kwa siku moja," halafu uanze na mchele. Hakuna jopo lenye akili litakalokukatiza.

Nije kwa kina mama wa vikoba, maana naona wengi mmevaa sare zenu. Nani hapa ni mhazini? Nyosheni mikono. Vizuri, msishushe kwanza.

Nyie mnatunza fedha za watu, na mnazitunza kwa utaratibu ambao benki ingeuelewa bila kutafsiriwa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Kikao hakianzi bila funguo zote. Salio la kikao kilichopita linatajwa kwa sauti na wanachama wanalithibitisha kabla fedha mpya haijaingia. Hisa zinanunuliwa kwa kuitwa jina, mfuko wa jamii unahesabiwa peke yake, marejesho peke yake, faini peke yake. Kinachobaki kinahesabiwa na watu wawili mbele ya wote. Mwisho wa mzunguko mnavunja kikoba na kila mmoja anaondoka na hisa zake pamoja na faida, na mwanachama asiyejua kusoma anaweza kukwambia chake ni shilingi ngapi.

Sasa mhazini wa namna hii akiomba kazi ya ukeshia kwenye SACCOS au ya uwakala wa fedha za simu, aandike nini? Nimeona wanaoandika "Meneja wa fedha wa taasisi ya jamii." Tafadhali, msifanye hivyo. Cheo cha kujipa kinamfanya msomaji aitilie shaka hata kazi ya kweli uliyoifanya. Andika ulichofanya, kwa kiasi chake, na jinsi kilivyohakikiwa. Hivi:

"Mhazini wa kikoba cha wanachama 28 kwa mizunguko mitatu. Nilipokea na kuandika hisa, marejesho na faini kila wiki. Fedha zilihesabiwa mbele ya wanachama kila kikao na salio lililingana na daftari. Mwenyekiti wa kikundi yuko tayari kuthibitisha."

Someni tena mstari ule wa mwisho. Una uzito kuliko mnavyodhani. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa vimewekwa katika daraja la nne la watoa huduma hizo na vinatakiwa kusajiliwa. Kikundi chenu kikiwa na cheti cha usajili, mwenyekiti wenu si jirani tu anayekusifia. Ni kiongozi wa chombo kinachotambuliwa na sheria, na barua yake yenye mhuri wa kikundi inafaa kuambatishwa. Wale ambao hamjasajili, hii ni sababu nyingine ya kwenda halmashauri.

Na kama kuna siku salio halikulingana, sema pia. Mimi nikimsaili keshia, swali ninalolipenda ni hilo: siku fedha zilipopungua, mlifanyaje? Mwenye uzoefu wa kweli ataniambia mlango ulifungwa, hakuna aliyetoka, tukahesabu upya, tukapitia jina kwa jina, tukakuta hisa ya fulani imeandikwa mara mbili. Anayejibu kwamba hazikuwahi kupungua hata siku moja, kwake huyo naongeza maswali.

Vijana wangu, msikae mkidhani haya ni ya kina mama peke yao. Ni nani kati yenu hajawahi kuburutwa kwenye kamati ya harusi ya kaka au binamu? Unapewa kazi ya kufuatilia michango kwa sababu eti una simu nzuri. Ndani ya miezi miwili una orodha ya watu 150. Kuna aliyeahidi, aliyetoa nusu, aliyetoa yote, na asiyepokea simu. Unajua nani anakumbushwa kwa ujumbe na nani ni mzee wa kupigiwa, tena kwa salamu ndefu kwanza. Unajua ukumbi unataka malipo ya awali kabla ya tarehe fulani, na mpishi anataka idadi kamili ya sahani. Unajua ahadi si fedha, na bajeti inapangwa kwa kilichoingia. Kijana aliyefanya hivyo asiniandikie kwamba hana uzoefu wa kufuatilia wateja. Aniandikie: orodha ilikuwa ya watu wangapi, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichokusanywa, na muda uliotumika. Afisa mikopo anafanya kazi hiyo hiyo, na sehemu ngumu ya kazi yake ni hiyo ya kudai bila kuvunja uhusiano.

Dereva wa bodaboda, konda wa daladala anayefunga hesabu ya tajiri kila usiku, dada wa kazi aliyelea watoto wa watu, nanyi mmo humu. Na wapo dada zetu waliofanya kazi za nyumbani Muscat wakarudi na Kiarabu cha kuongea, na nyumbani wanakitumia kuombea dua tu. Zanzibar na hapa Dar es Salaam kuna hoteli, kuna wakala wa safari, kuna wafanyabiashara wanaohitaji mtu wa kuzungumza na mgeni kutoka Ghuba. Lugha uliyojifunzia jikoni kwa watu ni lugha kamili. Iandike.

Lakini nina tahadhari, na naomba mnisikilize kwa makini hapa. Si kila kitu kinahama. Mama aliyemuuguza mumewe kwa kifua kikuu anajua mengi: dawa kila siku kwa miezi 6 bila kuruka, kuandika tarehe za kliniki, kumtuliza mgonjwa aliyeshtuka mkojo umekuwa mwekundu, kwa kuwa anajua dawa ndiyo inayobadilisha rangi, na kumbana asiache dawa mwezi wa pili anapojisikia amepona. Ufuatiliaji huo ni ujuzi, na unafaa kuandikwa na anayeomba kujitolea kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Haumfanyi kuwa muuguzi. Hawezi kuandika dawa wala kuchoma sindano. Vivyo hivyo aliyefunga soketi mbili nyumbani kwake si fundi umeme. Kwenye kazi zinazoweza kuua mtu, ujuzi wa nyumbani ni sababu ya kwenda kusoma, na hauchukui nafasi ya masomo.

Na hapo ndipo penye mlango ambao wengi hamuujui. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mafunzo rasmi. Wengi tunauita urasimishaji ujuzi. Fundi mwashi, seremala, mshonaji, mpishi, fundi magari aliyejifunza kwa kukaa na fundi, anapimwa kwa kazi anayoifanya. Anapopungukiwa, anafundishwa. Akifuzu anapata cheti. Halazimiki kuanza upya na watoto waliomaliza shule jana. Hapa Temeke mna chuo cha VETA Chang'ombe, nauli ya daladala moja tu. Nendeni mkaulize fani zipi zinapimwa na lini. Hata Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 195 la mwaka 2004, lilizitaka nchi zitambue ujuzi wa mtu bila kujali ameupata darasani au nje ya darasa. Kwa hiyo mkienda kuuliza, hamwendi kuomba fadhila.

Niwageukie waajiri waliokuja, na najua mpo mstari wa nyuma. Mama yule wa stoo angeondoka siku ile bila kazi, nasi tungemchukua mwingine mwenye karatasi nzuri. Kilichomwokoa ni swali moja la mzee aliyeijua kazi yenyewe. Fomu zetu zinauliza "miaka ya uzoefu" na "jina la mwajiri wa awali," kisha tunalalamika kwamba waaminifu hawapatikani. Ongezeni nafasi moja kwenye fomu: majukumu uliyokabidhiwa na watu, hata bila malipo, na nani anaweza kuthibitisha. Kwenye usaili, wekeni mtu mmoja anayeifahamu kazi kwa mikono yake. Kama nafasi ni ya stoo, mpeni mwombaji magunia matatu na daftari kwa nusu saa, mwone anavyofanya. Hii haipunguzi viwango. Inawafanya mpime kile mnachokihitaji hasa, na mimi nasema bila kusita kwamba sharti la kidato cha nne kwa kazi ya kupokea na kutoa unga ni uvivu wetu wa kupima.

Nisiwachoshe. Wasaidizi wanagawa karatasi na kalamu, na nitapita kila meza. Asiyeandika akae na kijana, kijana aandike maneno ya mama kama yanavyotoka, asiyapambe. Tuna saa nzima kabla ya chai. Swali la kwanza ni lile la mzee: mtaani kwako likitokea jambo, wanakuitia nini? Ukishajibu, andika mara ya mwisho ilikuwa lini, watu walikuwa wangapi, mali au fedha iliyopita mikononi mwako ilikuwa kiasi gani, na nani alikuwepo. Meza ya kwanza, tuanze.